Kilo za Neema zilikuwa nzuri, lakini mkono wake wa kushoto hakuna aliyeuangalia. Wamama wa Bukavu, tusiishie kwenye mizani

MamaNeema_BKV

Wamama na wababa, salamu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Neema alipofikisha miezi tisa nilikuwa natembea kichwa juu. Siku ya CPS, ile kliniki ya kupima kilo na kuchanja watoto wadogo, muganga wa kituo cha afya alimtundika kwenye ile mizani ya kuning'inia, akasubiri mshale utulie, akaweka nukta kwenye fishi, kadi yake ya kilo. Nukta ilianguka mahali pazuri, kama nukta zote zilizotangulia. Akamchoma chanjo ya surua, akaniambia, "Hongera mama, endelea vile vile." Nikashuka nyumbani na furaha yangu.

Nyumbani mama mkwe alikuwa na sifa nyingine kwa mjukuu wake. Ukimpa Neema kitu, kipande cha ndizi, kifuniko, chochote, alikipokea kwa mkono wa kulia. Kila mara. "Muone huyu, amezaliwa na adabu," bibi aliwaambia wageni, na wageni walicheka, wakampa kitu kingine ili waone tena. Mimi pia nilifanya hivyo. Mkono wa kushoto ulikaa umekunjwa, ngumi ndogo, kidole gumba kimefichwa ndani. Nikimwogesha nilikuwa naufungua, natoa uchafu uliojikusanya kwenye mikunjo ya kiganja, nikiuachia unajifunga tena. Niliona ni tabia yake tu.

Tukaenda matanga, Kadutu. Karibu yangu aliketi mzee mmoja aliyefanya kazi ya kine, yaani mazoezi ya viungo kwa wagonjwa, miaka mingi, sasa amestaafu. Alimtazama Neema akipokea biskuti, kisha akaniuliza polepole: "Mama, mkono huu mwingine unafanya kazi gani?" Nikamjibu kwa fahari kwamba mtoto ana adabu. Hakucheka. Akaomba kitambaa changu cha kichwa, akamfunika Neema usoni. Neema akakiondoa kwa mkono wa kulia, akacheka, akadhani ni mchezo. Mzee akamfunika tena, safari hii ameushika ule wa kulia taratibu. Mtoto akatikisa kichwa, akarusha miguu, akaanza kulia chini ya kitambaa. Mkono wa kushoto ulipanda hadi kifuani, ukaishia hapo.

Aliniambia hivi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapaswi kuwa na mkono anaoupenda. Katika umri ule hutumia yote miwili, leo huu, kesho ule. Ukiona amechagua mapema, acha kuusifu anaoutumia, uliza habari za ule mwingine.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwa daktari. Akaniuliza habari za siku za kwanza. Hapo nikakumbuka kwamba siku ya pili baada ya kuzaliwa, mkono uleule wa kushoto ulikuwa ukitikisika wenyewe, unaacha, unarudia. Niliuliza pale nilipozalia, wakaniambia ni baridi, nimfunike. Hakuna aliyeandika chochote kwenye fishi. Daktari akasema ile ilikuwa degedege, na kwamba inaelekea sehemu moja ya ubongo ilikosa damu karibu na wakati wa kuzaliwa. Kwa Kifaransa wanaita IMC, upande mmoja. Wenzetu wa Tanzania husema mtindio wa ubongo.

Nimeandika kwa sababu moja. Miezi tisa nilipanda CPS, nikapanga foleni, nikapimisha. Mizani ilijibu swali lake, mtoto ana kilo ngapi. Swali la pili, mtoto anafanya nini, halikuulizwa hata siku moja, na mimi sikujua kwamba nina haki ya kulileta mwenyewe. Nataka mama mwingine ajue mapema kuliko nilivyojua mimi.

Furaha_Panzi

Mama Neema, asanti sana, nimesoma nikilia. Mimi niko na mtoto wa myezi 14, anasimama akishika kiti lakini hatembei. Jirani wangu mtoto yake alitembea na myezi 10. Hata kutambaa hakutambaa, alikuwa anajikokota na matako tu. Niogope?

MugangaBagira

Mama Furaha, mimi ni muganga, miaka kadhaa nimekuwa upande wa CPS. Usiogope kwa sababu ya jirani. Shirika la Afya Duniani lilifuata watoto 816 wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yalitoka 2006. Kutembea bila kushikwa kulianzia karibu na miezi 8 kwa wale wa haraka sana, na kukafika mpaka miezi 17 na nusu hivi kwa wale wa polepole, wote wakiwa wazima. Kukaa bila kuegemezwa, muda wake wa kawaida unaishia kwenye miezi 9 na kidogo. Na kutambaa kwa mikono na magoti, zaidi ya watoto 4 katika kila 100 hawakupitia kabisa, walijikokota kama wako au walisimama moja kwa moja.

Kwa hiyo miezi 14 akiwa anasimama kwa kushika, yuko njiani. Akifika miezi 18 hatembei, mlete, hata kama jirani anasema vingine. Lakini nikuulize: miguu yote miwili inafanya kazi sawa? Akisimama, nyayo zote mbili zinakanyaga chini, au mmoja unasimama kwa vidole? Hilo kwangu ni kubwa kuliko idadi ya miezi.

Furaha_Panzi

Zote mbili zinakanyaga, muganga. Mungu akubariki.

Mzee_Nguba

Nasoma kwa heshima, lakini niseme ukweli wangu. Vipimo hivi vinatoka Ulaya na Marekani. Mtoto wao analala peke yake kitandani, wetu anabebwa mgongoni toka asubuhi. Wao wana midoli, wetu anacheza na kifuniko cha sufuria. Marehemu mama alikuwa akiniambia nilichelewa kuongea mpaka watu wakachoka kusubiri, na leo ninasimama mbele ya watu na kuhutubia. Tusiwatie wamama hofu ya bure.

MugangaBagira

Mzee wangu, shikamoo. Neno lako ni zito na waganga wengine walilisema kabla yetu. Ndiyo maana Malawi walikaa wakatengeneza kipimo chao, Malawi Developmental Assessment Tool, kikachapishwa 2010. Kina vipengele 136 katika sehemu nne: mwili mkubwa, mikono na vidole, lugha, na kuishi na watu. Maswali yaliyokuwa mageni kwa mtoto wa kijijini waliyatoa, wakaweka ya kwao. Kenya nao wana cha Kilifi, pwani kule. Kifuniko cha sufuria kinatosha kabisa kumpima mtoto, mzee, ukijua unatafuta nini. Anakigonga? Anakihamisha mkono kwa mkono? Ukikificha chini ya kitenge anakitafuta?

Juu ya hofu, nieleze jambo moja ambalo wengi wanalichanganya. Maswali haya hayampi mtoto jina la ugonjwa. Ni kama chujio ya chai. Kinachobaki juu unakiangalia vizuri, na mara nyingi unakuta mtoto ni mzima, amechelewa kidogo tu kama wewe ulivyochelewa. Lakini kati ya hao waliobaki juu yumo pia Neema. Kwa kumtazama tu usoni huwezi kujua nani ni Mzee wa Nguba na nani ni Neema.

Mzee_Nguba

Marahaba. Hapo nimeelewa, mwanangu.

BabaDaudi

Naomba kuingia. Wa kwangu ana miaka miwili na mwezi mmoja. Bibi yake anamwongelesha Mashi, nje ni Kiswahili, mama yake anataka Kifaransa kwa ajili ya masomo. Anasema maneno machache machache tu. Ndugu zangu wanasema tumemchanganya, tubakize lugha moja. Ni kweli?

MugangaBagira

Hapana, Baba Daudi. Lugha nyingi haziharibu mtoto. Bukavu nzima tumekulia hivyo. Msimnyang'anye bibi Mashi yake. Mnachopaswa kufanya ni kuhesabu maneno yake yote pamoja, ya Mashi, ya Kiswahili, ya Kifaransa, msihesabu ya lugha moja mkasema ni machache. Halafu angalia kama anaunganisha mawili, "papa kuja", "maji ingine", hata kama moja ni la Mashi na jingine Kifaransa. Kwa miaka miwili tunategemea aanze kuunganisha.

Na nje ya maneno: anaonyesha kitu kwa kidole akikugeukia ili na wewe ukione? Ukimwita kutoka nyuma bila yeye kukuona anageuka? Anaelewa ukimtuma "lete kiatu" bila kumwonyesha kwa mkono?

BabaDaudi

Kuonyesha kwa kidole, sana. Ndege, motari, mbuzi, vyote lazima nivione. Kiatu analeta. Kuunganisha bado. Kuita kutoka nyuma... nikimwita anageuka mara nyingine, mara nyingine hapana. Tulidhani ni kiburi.

MugangaBagira

Basi masikio kwanza. Kabla ya jambo lolote, masikio. Aliwahi kuugua sana?

BabaDaudi

Alilazwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi saba. Wakatuambia amepona.

MugangaBagira

Alipona kweli, namshukuru Mungu. Lakini ugonjwa ule unaweza kuondoka na usikivu, wote au nusu, sikio moja au yote mawili. Kila mtoto aliyeugua uti wa mgongo anapaswa kupimwa masikio baada ya kupona, na hapa kwetu mara nyingi familia inarudi nyumbani bila kuambiwa. Nenda hospitali kubwa, uliza daktari wa masikio, eleza historia hiyo kabla ya kusema lolote juu ya kuongea. Usisubiri. Na wasikupeleke kumpigia makofi nyuma ya kichwa tu wakasema anasikia. Mtoto mwerevu huona kivuli, husikia upepo wa mkono kwenye shingo.

BabaDaudi

Jumatatu niko pale. Asanti, muganga. Kiburi, kumbe...

Cikuru07

Mimi naomba kuuliza Mama Neema. Kwenu hawakusema mambo ya kulogwa? Kwetu dada yangu ana mtoto ambaye shingo haijakaza mpaka leo, ana miezi saba. Familia ya mume imeshaleta watu wa maombi mara tatu, na sasa wanamtazama bibi mmoja mjane hapo kwenye avenyu kwa jicho baya. Dada haruhusiwi hata kwenda hospitali mpaka maombi yaishe.

MamaNeema_BKV

Walisema, dada. Shangazi wa mume wangu alisema nilipita mahali nikiwa na mimba. Nilichomwambia mume wangu ni kwamba tuombe, na tupande kwa daktari, Mungu wetu hana wivu na daktari. Tulikuwa tukiomba njiani. Mchungaji wetu mwenyewe alipouona ule mchezo wa kitambaa aliniambia, "Mama, peleka mtoto." Kama mna mchungaji wa kuaminika, mwanzieni yeye, yeye ndiye ataongea na familia ya mume.

Na huyo mjane mumwondoe mdomoni kabisa. Tafadhali.

MugangaBagira

Cikuru, miezi saba shingo haijakaza ni ya kwenda wiki hii. Kwa miezi minne mtoto anapaswa kubeba kichwa chake. Mwambie dada aseme kwa mume kwamba mtoto anapelekwa CPS, kupima kilo. Hakuna familia inayokataza kilo. Akifika hapo amwambie muganga kuhusu shingo, aombe barua ya kumpeleka mbele. Hapa Bukavu kituo cha Heri Kwetu wamezoea watoto wenye ulemavu wa mwili, na ndugu zetu wa Goma wana kituo cha Shirika la Umoja. Amezaliwa na miezi tisa kamili?

Cikuru07

Saba. Alizaliwa na miezi saba.

MugangaBagira

Umefanya vizuri kusema. Mtoto njiti tunamhesabia umri toka siku aliyopaswa kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili. Yule aliyetangulia miezi miwili, leo ana miezi saba kwa kalenda, kwetu ana mitano. Kidogo inapunguza hofu. Lakini hata kwa mitano shingo ilipaswa kuwa imekaza, kwa hiyo safari iko palepale.

Mwamini_Ibanda

Swali kwa muganga, na samahani kama ni la lawama. Kwa nini ninyi kwenye CPS hamtuulizi? Tunakaa pale toka saa moja asubuhi.

MugangaBagira

Ni lawama ya haki, mama. Siku ya CPS foleni inafika mpaka barabarani. Tunakuwa wawili, pengine mmoja amekwenda mkutano. Kuna mizani, kuna mkanda wa kupima mkono kwa ajili ya utapiamlo, kuna chanjo, kuna rejista, na kila kimoja kinahesabiwa na wakubwa mwisho wa mwezi. Mtoto anafanya nini, hakuna safu yake kwenye rejista yetu. Na kisichoandikwa kwenye rejista, mama, kinasahaulika.

Marekani chama chao cha madaktari wa watoto kinashauri kila mtoto, hata asiye na tatizo, apimwe kwa maswali maalum akiwa na miezi 9, 18 na 30, na maswali ya otizimu (usonji) miezi 18 na 24. Mengi ya hayo maswali anajaza mzazi mwenyewe, akiwa ameketi kwenye benchi anasubiri zamu. Nimeliwaza sana hilo. Sisi benchi tunayo, na mama wa kusubiri tunaye. Na miezi 9 tayari mnakuja kwa ajili ya surua. Wamama wengi wakishapata hiyo hatuwaoni tena mpaka mtoto augue. Kama kuna siku moja ya kumwangalia mtoto mikono na miguu, macho na masikio, ni hiyo, kabla hamjapotea.

Mimi nimeanza na maswali matatu, najaribu kwa kila mtoto, foleni ikinizidi naacha. Anafanya nini kipya toka mlipokuja mara ya mwisho? Kuna kitu alikuwa anafanya ameacha? Kuna kitu chake kinachokusumbua moyoni? La pili ndilo linalonitisha zaidi. Mtoto aliyekuwa akisema "mama" akaacha, au aliyekuwa akikaa sasa anaanguka, huyo wa umri wowote hasubiri hata wiki. Na la tatu, wamama hulijibu wakiwa wameshageuka kuondoka, mkono uko mlangoni. Nimejifunza kuwarudisha.

Mwamini_Ibanda

Basi nitalijibu kabla sijaulizwa.

Riziki_Essence

Mama Neema, hujatuambia Neema yuko aje sasa.

MamaNeema_BKV

Ana miaka mitatu kasoro. Tulianza kine akiwa na miezi kumi. Mtu wa kine alichotufundisha ni jambo dogo la nyumbani: kila siku, nusu saa asubuhi na kidogo jioni, mkono wa kulia unavalishwa soksi, na vitu vyote anavyovipenda vinakaa upande wa kushoto. Uwe mchezo, usiwe adhabu. Alinieleza kwamba ubongo wa mtoto mdogo bado unatafuta njia zake, na mkono usiopewa kazi unasahaulika huko juu kichwani, hata kama nyama na mifupa yake ni mizima.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Alilia, na bibi yake hakuvumilia. Nikitoka kwenda sokoni, nikirudi nakuta soksi iko kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia, mama, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Akanyamaza siku mbili hatuongei. Siku ya tatu nilimkuta amekaa chini na Neema, soksi iko mkononi, mbele yao sahani ya sambaza zilizokaangwa, na bibi anasema, "Huu mkono mwingine nao ufundishwe adabu." Neema alikuwa anakwangua zile samaki kwa ngumi, hazishikiki, moja ikanasa kati ya vidole viwili, akaipeleka mpaka shavuni. Mdomo hakuufikia. Bibi alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja.

Leo anatembea, anachechemea kidogo akikimbia. Mkono wa kushoto hautafunga vifungo, daktari alituambia wazi na tumekubali. Unashika. Wiki jana alishika ndizi kwa kushoto, akaimenya kwa kulia. Kumenya ndizi, jaribuni kwa mkono mmoja, ndipo mtaelewa nilivyosikia.

Kine aliniambia tungeanza miezi minne au mitano tungefika mbele zaidi. Siku hizi waganga waliofundishwa wanaweza kutambua hali hii hata kabla ya miezi mitano, hasa mtoto akiwa na historia kama ya Neema ya siku ya pili. Ninaliwaza usiku. Ngumi ile nilikuwa naifungua mwenyewe kila siku kwenye karai.

Riziki_Essence

Naandika usiku, mnisamehe. Nina msichana wa miezi minane. Baada ya kusoma nimechukua kitenge, nimemfunika usoni. Ameondoa kwa mkono wa kushoto. Nimeushika wa kushoto, nimemfunika tena. Wa kulia haukuja. Nimerudia mara tatu, mume wangu ameshika taa. Alizaliwa vizuri, analia vizuri, ana kilo nzuri. Na sisi tulikuwa tunasema atakuwa wa mkono wa kushoto kama babu yake.

MugangaBagira

Mama Riziki, hiyo peke yake haitoshi kusema ni kitu gani. Lakini inatosha kwenda. Usirudie tena usiku huu, mwache alale.

MamaNeema_BKV

Riziki, mdogo wangu, kesho nitakusindikiza, niandikie faragha tukutane Nyawera saa mbili. Njoo na fishi yake ya CPS. Mvalishe nguo ya mikono mifupi, daktari atataka kuona mikono yote miwili kwa pamoja. Na umnyonyeshe kabla ya kupanda, pale tutasubiri.

Riziki_Essence

Nitakuwa pale saa moja na nusu.